Filamu za Theluji Ndani ya Eda

Mke mwenzangu nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Nilikuwa nyumbani, kisiwani Chovai, asubuhi, nimekaa na watoto wa chuo wananisomea Kurani kwa zamu, simu ikalia. Namba sikuitambua.

"Salaam aleikum, dada. Mimi ni yule wa Kismayu. Mume wetu hali yake si nzuri, na anakutaja. Njoo kabla bahari haijafunga."

Niliwaambia watoto wafunge juzuu zao waende nyumbani. Nikakaa pale pale mkekani. Habari ya ugonjwa ilinishtua, lakini neno lililobaki masikioni ni lile "wetu". Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine mwenye haki nalo.

Kwamba ameoa mjini nilikuwa najua. Mume wangu alikuwa akipeleka kamba na jodari Kismayu, na zamani alikuwa akilala huko usiku mmoja tu. Baadaye zikawa siku tatu, kisha wiki. Watu wa majahazi waliniambia kabla yeye hajaniambia. Nilipomuuliza hakukataa. Alisema, "Sikukuficha kwa ubaya. Nilikuwa natafuta maneno." Sheria ilikuwa upande wake, nami ni mwalimu wa chuo, ningesema nini? Nilimfulia kanzu zake zikiwa zinanukia udi ambao si wangu, nikazianika, nikazikunja. Jina la yule mwanamke sikuliuliza, wala mtaa wake, wala kama ni mzuri.

Nilipanda mashua siku ya pili yake. Kusi ilikuwa imeanza kupiga na nahodha alisema hiyo ndiyo safari yake ya mwisho mpaka bahari itulie. Nikafika Kismayu nimelowa, nikaelekezwa nyumba moja nyuma ya bandari, ya mawe, yenye paa la mabati. Aliyefungua mlango alikuwa msichana, au mimi nilimwona msichana, mwenye macho makubwa yaliyovimba kwa kukosa usingizi. Alikuwa mjamzito. Hilo hakuna aliyeniambia. Alinipokea kikapu changu mkononi, akasema, "Karibu, dada, yuko ndani," nami nikamwachia kikapu kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Ini la mume wetu lilikuwa limekwisha. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Daktari alikuwa ameshasema arudishwe nyumbani. Tulimuuguza pamoja, mimi na yule msichana. Mmoja akimnywesha uji, mwingine anampangusa. Mara nyingine alituita kwa majina yaliyopishana, mimi jina lake na yeye jina langu, na sote wawili tuliitika. Hakukaa sana. Alikufa mchana, baada ya adhuhuri, akazikwa kabla ya magharibi, na jioni ile nyumba ikajaa wanawake nisiowajua ambao walinipa pole kwa Kisomali na kwa Kibajuni.

Kisha likaja suala la eda. Nyumba yangu ilikuwa Chovai, ng'ambo ya bahari iliyofunga. Shekhe akasema nikae pale pale kifo kiliponikuta. Kwa hiyo nikakaa eda yangu ndani ya nyumba ya mke mwenzangu, miezi minne na siku kumi kama ilivyoandikwa, na yeye akakaa yake, ambayo ingekwisha siku atakapojifungua. Tulivaa nguo nyeupe sote wawili. Hatukutia wanja wala mafuta mazuri, wala hatukutoka mlangoni. Chakula alituletea mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa njia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyezaliwa kisiwa cha Chula na kuolewa na Msomali wa mjini, na alikuwa akiingia bila kubisha hodi kwa sababu mlango ule aliuhesabu wake.

Majuma ya mwanzo hatukuzungumza. Si kwa ugomvi. Tulisaidiana kupika chai, tulipeana nafasi bafuni, tulisali bega kwa bega. Lakini maneno hayakuwepo. Nilikuwa nakaa sebuleni natazama vitu, na kila kitu nilichokitazama kiliniambia jambo. Saa ya ukutani aliipachika marehemu, nilijua kwa msumari ulivyopinda, kwa sababu hata Chovai misumari yake yote ilipinda hivyo. Na pale kwenye kona, juu ya meza, palikuwa na televisheni kubwa iliyofunikwa kitambaa kilichotariziwa maua.

Televisheni ile iliniudhi kuliko tumbo la yule mtoto wa watu. Tulipopata paneli ya jua kisiwani nilimwomba mume wangu anunue televisheni, japo ndogo. Aliniambia ni upuuzi, italeta fitina, watoto wa chuo watakuja kwa ajili yake na si kwa ajili ya Kurani. Sikuomba tena. Kumbe Kismayu alikuwa na televisheni inayolizidi dirisha kwa upana, na dishi juu ya bati.

Na si kwamba hakujua ninapenda nini. Mimi nilikulia Mombasa. Vita vilipokuja mwaka tisini na moja nilikuwa mtoto, tukakimbia kwa mashua kama wengine, tukakaa kambini, kisha mjini kwa shangazi. Huko nikasoma, nikaolewa na mume huyu, ambaye naye alikuwa mkimbizi wa visiwa kama mimi. Shangazi alikuwa na televisheni, na kila Desemba, mchana, zilionyeshwa filamu za mapenzi za Krismasi. Sikukuu yenyewe haikuwa yetu na hatukuitamani. Nilizipenda filamu. Mwanamke mwenye kazi kubwa ya mjini anatumwa kwenye kijiji chenye theluji. Gari linakwama. Anatokea mwanamume mwenye shati la miraba anapasua kuni. Kuna duka la mikate au nyumba ya wageni inayotaka kuuzwa, na bibi mmoja mwenye busara na biskuti. Wanagombana, wanapatana, kunatokea neno la kutoelewana karibu na mwisho, kisha theluji inaanguka na yeye anaamua kutorudi mjini. Hakuna kingine. Nilizitazama nikiwa bibi harusi, nikazitazama nikinyonyesha watoto wangu wawili. Mume wangu alikuwa akinicheka. "Huyu atamwoa yule," alikuwa akisema akipita kwenda kuoga. "Zima sasa, samaki anaungua." Tuliporudi visiwani baada ya hali kutulia, niliziacha filamu zile Mombasa pamoja na shule na mataa ya barabarani, na sikudhani nitaziona tena.

Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ukipiga kelele husikiki. Mke mwenzangu alisimama, akashika pembe ya kile kitambaa, akanigeukia.

"Dada, nikiwasha utanichukia?"

"Nyumba ni yako," nikamwambia.

Aliwasha, akapunguza sauti mpaka ikawa kama hakuna. Ilikuwa stesheni ya Waarabu inayoonyesha filamu za kigeni mwaka mzima na kuzirudiarudia, haijali kama nje ni Juni au Desemba. Chini palipita maandishi ya Kiarabu. Juu palikuwa na theluji. Nilimtambua yule mwanamke kabla hajateremka garini. Sikumjua yeye hasa, nilijua aina yake, kwa viatu vyake visivyofaa na kikombe chake cha kahawa.

"Atammwagia mtu kahawa," nikasema.

Akammwagia mtu kahawa. Mke mwenzangu akanitazama.

"Ulishaiona hii?"

"Sijaiona. Zote ni moja."

Akaweka mkono juu ya tumbo lake. Kisha akasema, "Basi ni kweli. Alisema wewe ndiye unayezijua."

Nikamuuliza nani alisema, ingawa nilijua.

"Yeye. Aliponiletea hii televisheni mimi nilikuwa nataka tamthilia za Kituruki. Akatafuta stesheni hii mwenyewe. Akaniambia, tazama hizi, wanawake huzipenda. Nikamuuliza wanawake gani. Akasema, mke wangu wa kisiwani akiziona husahau samaki jikoni."

Nilitazama ile theluji ikianguka juu ya paa za watu. Nilihisi mambo mawili kwa pamoja na sikujua lipi nilifuate. Mume wangu alichukua kitu nilichokuwa nakipenda akakifanya zawadi kwa mwanamke mwingine, na mimi akaninyima. Na wakati huo huo, katika nyumba hii nisiyojua kama ipo, jina langu lilikuwa likitajwa kwa kicheko, na mapenzi yangu madogo yalikuwa yanakumbukwa. Nililia. Yeye akadhani nalia kwa sababu ya marehemu, akanisogelea akanishika mkono, na kwa namna fulani hakukosea.

Tangu siku hiyo tukawa tunatazama kila alasiri umeme ukiwepo. Tulifunga dirisha la upande wa njia, tukaweka sauti chini. Sikuona popote palipoandikwa kwamba mjane asitazame televisheni, lakini nilijua majirani wangesema nini, na mama yake angesema nini. Kwa hiyo sikio moja lilikuwa kwenye filamu na moja mlangoni.

Kiingereza yeye hakukijua. Mimi nilikijua cha shule, na kwa sauti ndogo vile nilikuwa nasikia neno hapa neno pale. Maandishi ya Kiarabu sote tuliweza kuyasoma, herufi kwa herufi, kwa sababu tulisoma chuo, lakini maana ilikuwa inatupita. Tulikuwa tukikamata maneno tunayoyafahamu yakipita mbio kama dagaa, wakati, safari, shukrani, samahani, theluji, na kila tukikamata moja yeye alilitaja kwa furaha. Mengine niliyajaza mimi. Hayakuwa magumu kujaza.

"Anasema nini?"

"Anasema hataki mji tena."

"Kweli?"

"Sote tunajua hataki."

Siku moja ilikuja filamu ya mwanamume aliyefiwa na mke, ana binti mdogo, na mkewe amebaki picha tu juu ya kabati. Akaanza kupendana na mwalimu wa binti yake.

"Huyu amemaliza eda?" mke mwenzangu akauliza.

"Mwanamume hana eda."

"Hata kwao?"

"Kwao hata mwanamke hana."

Alifikiri. "Basi wanakaa wapi na majonzi yao?"

Swali lile limekaa nami mpaka leo.

Siku nyingine alikuwepo mwanamume aliyechumbia mwanamke wa mjini, akampenda wa kijijini. Mke mwenzangu akasema, kwa uso usio na utani, "Si awaoe wote wawili, wakamaliza." Nikacheka. Nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa ushungi, na yeye akacheka kwa kuniona nacheka, wajane wawili wenye nguo nyeupe, tumeshikana mabega. Kicheko kilipokwisha tukaona aibu. Kisha akasema polepole, "Dada, mimi aliniambia wewe umeridhia. Ndivyo alivyomwambia na mama. Nimejua si kweli siku ulipoingia mlangoni ukanitazama tumbo."

"Hakuniambia kuna mtoto."

"Alitaka akuambie mwenyewe. Alikuwa anatafuta maneno."

Maneno yale yale. Nikamwona mume wangu, mtu mpole asiyependa ugomvi, anatembea baina ya pwani mbili akitafuta maneno ya kumwambia kila mmoja, mpaka ugonjwa ukamkuta hajayapata. Nilimkasirikia na kumhurumia. Yule msichana sikumkasirikia tena.

Kuna jambo moja katika filamu zile lililokuwa likinivunja, na halikuwa busu. Ni pale mlango unapofunguliwa, theluji nje, na ndani wote wapo. Babu yupo, shangazi yupo, kaka aliyekuwa amekwenda mbali amerudi, kiti chake kipo, sahani yake ipo. Kwetu visiwani hakuna nyumba ambayo mlango wake ukifunguliwa wote wapo. Kaka yangu mkubwa yuko Ulaya, hatujaonana tangu nikiwa mtoto. Watoto wangu wamebaki Mombasa. Mama yangu kazikwa kambini. Kila filamu ilipofika pale mezani nilikuwa nainamisha kichwa, na mke mwenzangu akajifunza kutonisemesha mpaka sahani ziondolewe.

Mama yake alitufumania mwezi wa tatu wa eda. Mvua ilikuwa imetuhadaa, hatukusikia viatu. Aliingia na chungu cha mchuzi, akasimama, akaitazama televisheni, akatutazama sisi.

"Hawa ndio waliofiwa," alisema, kama anayemwambia mtu wa tatu. "Televisheni ndani ya eda. Na tena ya Manasara, ya Krismasi."

Akaweka chungu chini, akazima, akaifunika kwa mkono wake mwenyewe, akazinyoosha pembe za kitambaa zikawa sawa. Binti yake alilia kama mtoto aliyepigwa. Mimi, mwalimu wa chuo, nilikaa nikitazama miguu yangu. Siku zilizofuata tulisoma Yasini alasiri, na televisheni haikufunuliwa.

Mimba ilikuwa haijatimiza miezi yake. Asubuhi moja alikuwa anachagua mchele, nikamwona amesimamisha mkono juu ya ungo.

"Abaayo," aliniita, dada kwa Kisomali, neno ambalo hakuwahi kuniita, "kuna maji."

Nilimwita mama yake kwa kupiga kelele dirishani. Wakamchukua kwa bajaji kwenda hospitali. Nilitaka kwenda, mama akasema mmoja atosha, wewe uko ndani ya eda, omba. Nikabaki. Nilimalizia mchele wake. Niliupika, ukapoa, nikaufunika. Waliporudi adhuhuri ilikuwa imepita, alikuwa anatembea mwenyewe, ameshikwa kiwiko, na mikononi mwao hakuna kitu. Alikuwa mtoto wa kike. Alizaliwa hana uhai. Wanaume wa mtaani walikuwa wameshamchukua.

Wanawake wakaja tena kutoa pole. Na katika pole hizo hizo walisema, "Basi amemaliza eda," kwa sababu ndivyo sheria ilivyo, tumbo likishuka eda imekwisha. Walilisema kama habari njema, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Lakini nilimwona alivyolisikia. Alikataa kuvua nguo nyeupe.

"Nitakaa nawe mpaka yako iishe," aliniambia.

Mama yake akasema, kwa Kibajuni chake cha Chula, "Mchu hakai eda ya mchu mwingine," mchu kwao ndiyo mtu. Baada ya siku chache akamletea dera la rangi, akamvalisha kama anavyomvalisha mtoto, na yeye akaacha avalishwe.

Maziwa yalimjia. Hakuna aliyemtahadharisha. Aliamka kifua kimelowa, akanijia chumbani akasimama tu mbele yangu. Nikachukua kanga ya zamani, nikaipasua, nikamfunga kifua kwa nguvu, nikakaza fundo mgongoni. Kila asubuhi nilimfunga upya mpaka yakakauka. Nimewahi kuwafunga wanawake kadhaa maishani, binti yangu pia, lakini fundo lile mgongoni mwake vidole vyangu vinalikumbuka peke yake.

Kisha kaka yake akaja kutoka Nairobi. Alikuwa mtu wa adabu, aliniamkia vizuri, akamtaja marehemu shemeji yake kwa maneno mazuri. Siku ya pili akaeleza alichokuja nacho. Kulikuwa na mfanyabiashara huko Nairobi, mtu wa makamo, ana mke mmoja, anatafuta wa pili mwenye dini na utulivu. Kismayu hapakuwa na kitu cha kumweka, alisema. Mtoto angekuwepo lingekuwa jambo jingine.

Alasiri ile mke mwenzangu alinifuata jikoni. "Dada, niende?"

Nilitaka kumwambia abaki. Nilikuwa nimeshapanga moyoni kwamba bahari ikifunguka nitakwenda naye Chovai, tukae pamoja, anisaidie watoto wadogo wa chuo. Lakini nilitazama ule umri wake na nikatazama mikono yangu. Ningempa nini kisiwani, zaidi ya kaburi la miaka mingi ya kukaa na mjane mwenzake?

"Wewe bado mdogo," nikasema. "Maisha hayajakwisha. Nenda."

Alinitazama kama aliyetarajia neno jingine, kisha akainama akaendelea kumenya vitunguu.

Siku moja kabla ya safari ya Nairobi mama yake aliingia alasiri na birika la chai na anjera, mikate laini ya Kisomali, zilizopakwa samli. Akaweka sinia chini. Akaenda kwenye kona, akakivuta kile kitambaa, akakikunja.

"Tazameni," alisema. "Mimi nachagua choroko zangu."

Akakaa ametupa mgongo, ungo mapajani. Tukawasha. Haikuwa filamu tuliyoichagua, ndiyo iliyokuwepo, na ilikuwa na mjane wa kiume tena na binti yake mdogo mwenye kofia nyekundu. Nilitaka kubadilisha, lakini mke mwenzangu aliushika mkono wangu wenye rimoti akauweka mapajani mwake, akaushikilia hapo. Tukatazama. Katikati niliona ungo umetulia. Mama alikuwa amegeuka.

"Mamake mtoto huyu yuko wapi?" akauliza.

"Amekufa, mama," binti akajibu.

"Inna lillahi," akasema mama yule, kwa sauti ile ile aliyoisemea kwa mume wetu na kwa mjukuu wake, na akaacha choroko. Alitazama mpaka mwisho. Walipokaa mezani wote, nilimwona anahesabu kwa kidole chake kidogo, kimya, watu walio pale mezani. Hakutuambia alikuwa anamtafuta nani.

Asubuhi gari lilikuja mapema. Tuliagana ukumbini, mimi sikuruhusiwa kufika njiani. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniambia niangalie zile ambazo hatujaziona nimhadithie. Kisha mlango ukafungwa.

Eda yangu iliyobaki niliikaa na mama yake. Alihamia pale, bila kusema amehamia, alianza tu kulala kwenye kitanda cha binti yake. Alasiri yeye ndiye aliyekuwa akiwasha televisheni. Filamu hakuzipenda kama tulivyozipenda sisi, aliona wanawake wa filamuni wanakawia sana kuelewa jambo, lakini alikuwa akiketi. Siku yangu ya kutoka eda ilipofika, aliniogesha mwenyewe, akanipa nguo ya rangi, na jambo la kwanza tulilofanya ni kwenda makaburini. La mume wangu lilikuwa limeshaota majani. La mtoto lilikuwa pembeni yake, dogo, mawe manne tu. Tuling'oa majani. Mama alilisafisha lile dogo kwa ukingo wa kanga yake, polepole, jiwe baada ya jiwe, kana kwamba anapangusa uso. Bahari ilipotulia nikarudi Chovai.

Watoto wangu walinitumia kutoka Mombasa televisheni ndogo ya kutumia umeme wa jua, na flashi ndogo iliyojaa filamu zangu, kwa sababu niliwaambia ndicho ninachokitaka na walinicheka wakanitumia. Desemba ya kwanza nilizitazama mchana chuo kikifungwa. Bado zinanipendeza. Najua kila kitakachotokea, na kila kikitokea nafsi yangu inatulia kidogo, kama mtu anayesomewa aya anayoijua.

Desemba hiyo hiyo mke mwenzangu alinipigia simu. Namba ilikuwa ngeni, ya Kenya, sauti yake ilikuwa imepungua. Nilimuuliza hali. Alisema alhamdulillahi. Nilimuuliza kama mumewe ni mwema. Alisema si mbaya. Nyumba ni ghorofa, alisema, watu ni wengi, televisheni iko kwa bi mkubwa na bi mkubwa anapenda habari tu.

"Nihadithie moja," akasema.

Nikamhadithia. Nilianza na gari lililokwama, nikamweleza nyumba ya wageni ilivyo, jiko lake, ngazi zake, bibi mwenye biskuti. Hakuuliza kitu, nilisikia tu anavuta pumzi. Nilifika pale wanapogombana, na nyuma yake nikasikia mwanamke anaita, "Bi mdogo! Bi mdogo!"

"Naam, naja," akajibu, akiwa ameuondoa mdomo kwenye simu. Kisha akaniambia haraka, "Dada, wanarudiana?"

"Wanarudiana," nikasema.

"Haya. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Hakupiga tena. Namba ile nikiipiga naambiwa haipatikani, na kaka yake alihama kazi, hana aliyemwachia habari. Mama yake hunipigia kutoka Kismayu kila baada ya muda, akiniuliza kama mimi nimemsikia. Namjibu kwamba bado. Tunakaa kwenye laini kidogo, yeye huko na mimi huku, kisha mmoja wetu anauliza hali ya mvua.